Nimeacha pafyumu, mbona shingo bado inawasha?

Swali la msomaji:

"Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mivumba, yaani nguo za mitumba, soko la Owino hapa Kampala. Huu ni mwezi wa nane shingo, makwapa na kope za macho zinaniwasha mpaka usiku silali. Ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na ngumu kama ya kiwiko. Niliambiwa ni chakula, nikaacha samaki, mayai na karanga, sikuona nafuu. Baadaye nikashuku pafyumu, nikampa mdogo wangu chupa zote. Bado. Duka la dawa walinipa krimu. Kwa siku tatu nilipona, nilipoiacha ikarudi kwa nguvu. Na siku hizi nikikaa kanisani karibu na mtu aliyejipulizia, kifua kinabana na nakohoa. Mume wangu anapenda kunukia, sitaki kumkwaza. Mama mkwe anasema naringa. Je, hii ni aleji kweli? Nitaishi vipi katika mji ambao kila mtu ananukia?"

Jibu:

Dada yangu, pole sana. Miezi minane ya kujikuna usiku inachosha mwili na roho, hasa pale watu wa nyumbani wanapoona ni madaha. Ngozi iliyokomaa ikawa kama kiwiko haiwezi kuigizwa. Hiyo ni ngozi iliyovimba na kukunwa kwa muda mrefu, na mama mkwe anaweza kuambiwa hivyo kwa heshima zote.

Sijakuona kwa macho, kwa hiyo sikupi hukumu ya mwisho. Lakini shingo, makwapa na kope kwa pamoja ni ramani ninayoifahamu. Shingoni ndipo watu hupuliza. Makwapani kuna rolioni, jasho na msuguano. Kope zina ngozi nyembamba kuliko pengine popote mwilini, kwa hiyo zinashtuka kwa kiasi kidogo mno: kilichobaki vidoleni, kilichoganda kwenye foronya, hata kinachoelea hewani. Sehemu hizo tatu zikiwasha pamoja, kitu cha kwanza ninachokishuku ni manukato. Pafyumu uliigawa, ulifanya vizuri. Manukato yenyewe bado unaishi nayo, na hapo ndipo nataka tukae kwa muda.

Kwanza uelewe jinsi aleji hii inavyokuja, maana ndiyo iliyokufanya uache samaki bure. Aleji ya chakula huwa haina subira: mtu anakula karanga, midomo inavimba pale pale. Huu wa manukato tunauita mzio wa mguso, na una mwendo wa pole. Chembe za harufu ni ndogo, zinapenya ngozi na kushikamana na protini za mwili, na askari wa kinga wanazikariri kama adui. Kukariri huko kunaweza kuchukua wiki mbili, na kunaweza kuchukua miaka kumi ya kutumia losheni ile ile bila tatizo. Wagonjwa wengi huniambia, "Lakini hii nimejipaka tangu niko shule!" Nawaamini, ila hilo haliitoi losheni kwenye orodha ya washukiwa. Kinga ikishakariri, kila ukigusa tena askari wanakusanyika taratibu, na upele unatokea baada ya siku moja, mbili, hata tatu. Umejipulizia Jumapili asubuhi, muwasho umefika Jumanne. Jumatatu jioni ulikula samaki, basi kesi anabebeshwa samaki. Rudi kwenye samaki, mayai na karanga zako kama havijawahi kukuvimbisha midomo au kukutapisha. Unafanya kazi ya nguvu, unahitaji chakula.

Sasa tuingie nyumbani. Kuna mama mmoja alikuja kliniki na malalamiko kama yako. Nilimwomba arudi na kila kitu kinachogusa mwili wake. Alikuja na kikapu cha sokoni, akakimwaga mezani: sabuni ya kuogea ya waridi, sabuni ya unga ya kufulia, jeli ya mtoto ya rangi ya pinki, losheni, rolioni, mafuta ya nywele, krimu ya kusukia, sanitaiza ndogo, na vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto. "Pafyumu sina," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Tukavaa miwani wote wawili, tukaanza kusoma maandishi madogo mgongoni mwa kila chupa. Vitu tisa. Vinane vilikuwa vimeandikwa "Parfum" au "Fragrance". Cha tisa kilikuwa ile jeli ya mtoto. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa mafuta ya vidole, lakini nilipofungua kifuniko chumba kizima kilinukia. Hiyo jeli ndiyo aliyokuwa akijipaka kwenye kope kila usiku, kwa sababu aliona kama ni salama kwa mtoto, itakuwa salama kwake.

Neno hilo "Parfum" ni jina la mfuko. Ndani yake kunaweza kuwa na kemikali kumi au mia moja, na kwa kawaida mtengenezaji hakutajii zote, kwa kuwa mchanganyiko wa harufu unahesabiwa kuwa siri ya biashara. Bidhaa za Ulaya zinasema zaidi kidogo. Sheria yao ya mwaka 2003 ilitaka viungo 26 vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio viandikwe kwa majina, vikipita asilimia 0.001 kwenye kitu kinachobaki mwilini kama losheni, au asilimia 0.01 kwenye kinachosuuzwa kama sabuni. Mwaka 2023 orodha ikapanuliwa kupita viungo 80. Angalia viwango hivyo vilivyo vidogo. Ndiyo maana nakuambia usitegemee pua. Ukiona mwishoni mwa lebo majina kama Linalool, Limonene, Geraniol, Citral, Eugenol, Cinnamal au Coumarin, ndiyo hao. Kimojawapo, kinachojulikana kama Lyral, kiliwadhuru watu wengi mpaka Ulaya ikakipiga marufuku, na tangu Agosti 2021 bidhaa yenye kiungo hicho hairuhusiwi kuuzwa kule. Chupa ya zamani inayouzwa rahisi sokoni inaweza kuwa bado inacho.

Kuna maneno mawili ya lebo yanayowachanganya watu. "Unscented" maana yake ni kwamba hutasikia harufu, lakini mara nyingine wameweka manukato ya kuficha harufu ya mafuta yenyewe. "Fragrance free" ni afadhali zaidi. Hata hivyo soma viungo hadi mwisho.

Na tafadhali usikimbilie vya asili ukidhani umepona. Eugenol ndiyo inayoipa karafuu ukali wake, cinnamal iko kwenye mdalasini, citral kwenye mchaichai, geraniol kwenye waridi. Ngozi iliyokwisha kukariri kemikali haijali imetoka kiwandani au shambani. Mafuta ya lavenda na ya maganda ya machungwa yana jambo jingine: linalool na limonene zikikaa na hewa zinabadilika, na ile iliyobadilika ndiyo inayoshambulia ngozi kwa nguvu. Chupa iliyofunguliwa miaka mitatu iliyopita na kusimamishwa dirishani kwenye jua ni hatari kuliko ilivyokuwa siku ya kununuliwa. Mwambie na mdogo wako.

Niseme kitu kuhusu ngozi zetu, kwa sababu hapa watu wanapoteza muda mwingi. Picha nyingi za vitabu vya ngozi zinaonyesha upele mwekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu wekundu huo unaonekana kama zambarau, kijivu au weusi tu, na mgonjwa anaambiwa ni jua au ni uchafu. Anachukua kitambaa kigumu anasugua shingo. Weusi unaongezeka, kwa kuwa kila jeraha dogo kwenye ngozi nyeusi linaacha rangi. Kisha anatafuta krimu ya kung'arisha. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, lilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini sote tunajua bado vinapita mipakani na kuuzwa chini ya meza. Usiziguse. Weusi wa shingo yako utapungua wenyewe upele ukiisha, ila uhesabu miezi.

Ile krimu ya duka la dawa nina wasiwasi nayo. Kupona ndani ya siku tatu na kurudi kwa nguvu ni tabia ya steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, mara nyingi iliyochanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki kwenye tyubu moja. Steroidi si adui, mimi mwenyewe ninaziandika. Haidrokotizoni ya asilimia 1 kwa siku chache kwenye kope, au yenye nguvu zaidi shingoni kwa wiki moja au mbili chini ya macho ya daktari, inatuliza moto. Lakini kali kama klobetasoli usoni na makwapani hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huacha michirizi isiyofutika, na ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuharibu kuona. Tena krimu nyingine zimetiwa manukato, kwa hiyo unapaka dawa na sumu kwa kidole kimoja. Chukua tyubu hiyo, soma jina la dawa, uende nayo kwa daktari. Piriton nayo itakupa usingizi, lakini upele huu hausukumwi na histamini, ile kemikali ya mwili ambayo Piriton huizuia, kwa hiyo usishangae ukiamka bado upo.

Nikuombe wiki sita. Katika wiki hizo kila kinachonukia kinatoka mwilini mwako na kitandani mwako, kwa pamoja. Ukiacha kimoja leo na kingine mwezi ujao hutajua lolote, kwa sababu kile kilichobaki kinaendelea kuwasha.

Oga maji ya uvuguvugu. Sabuni iwe isiyo na manukato, na uitumie makwapani, miguuni na sehemu za siri tu; shingo na uso vioshwe kwa maji matupu. Watu wengi wakisikia "bila harufu" wanakimbilia sabuni ya kipande ya kufulia. Haina manukato mengi, kweli, lakini ni kali na inakausha ngozi ambayo tayari imechubuka. Ukishajifuta, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka vaselini nyeupe isiyo na harufu kabisa. Au tafuta moo yaa, yale mafuta ya shea ya Acholi na Lango. Nayapenda sana kwa kazi hii. Yakiwa halisi yana harufu yake ya moshi na njugu ambayo watu wa mjini hawaifurahii, kwa hiyo wauzaji wengine wa Kampala wanayatilia pafyumu. Ukikuta moo yaa inanukia vanila, irudishe.

Kwapa likiwa limepona vidonda, tumia shabu: lowesha kipande, sugua kidogo, acha pakauke. Inazuia harufu ya jasho na haina manukato. Ndimu hapana. Inachoma, na maji yake yakipigwa na jua la kwetu huacha mabaka meusi au hata malengelenge.

Nguo zote zinazogusa shingo, taulo na foronya zifuliwe upya na kusuuzwa mara mbili, bila ile dawa ya kulainisha nguo. Kama gomesi yako, ile gauni ya sherehe, imekaa kwenye sanduku lenye udi au vidonge vya nondo, itundike nje siku kadhaa kabla ya kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa. Mafuta ya nywele usiyasahau: jasho la mchana linayateremsha hadi shingoni na kwenye kope. Rangi nyeusi ya nywele na piko vina mzio wao mwingine kabisa, mkali sana, kwa hiyo usiviguse kwa sasa.

Sasa kazi yako. Muuza mivumba akiita wateja hutundika blauzi tano begani na shingoni, sivyo? Nguo hizo zimefuliwa ng'ambo kwa sabuni na vilainishi vya harufu kali, na harufu hiyo haiishi njiani. Shingo yako inalala nayo kutwa nzima, ikiwa na jasho. Zitundike kwenye henga au mkononi juu ya mkono mrefu wa nguo yako. Vaa nguo ya pamba yenye kola, iliyofuliwa nyumbani. Siku ya kufungua robota vaa barakoa, maana kuna vumbi jingi pia. Na nguo unayojichagulia robotani, usiivae kabla ya kuifua.

Wiki sita zikiisha na ngozi imetulia, usirudishe vitu vyote kwa shangwe. Rudisha kimoja kimoja, kwa jaribio. Chukua losheni moja, paka eneo la ukubwa wa sarafu kwenye kiwiko kwa ndani, asubuhi na jioni, kwa siku kumi na nne. Usioshe mahali hapo kwa sabuni. Pakiwasha au kutoka vipele, acha mara moja, umempata mmoja. Pakikaa kimya, kitu hicho kina nafasi ya kurudi. Jaribio hili ni la vitu vinavyobaki mwilini. Usilifanye kwa sabuni wala shampuu, vitakuunguza hata kama huna aleji navyo.

Kipimo chenyewe kinafanyika mgongoni. Tunabandika viraka vyenye kiasi kidogo cha kemikali mbalimbali, vinakaa saa 48 bila kulowa, vinaondolewa na kusomwa, kisha vinasomwa tena siku ya nne. Miongoni mwake kuna michanganyiko miwili maalumu ya manukato, mmoja una viungo vinane na mwingine sita. Si cha damu wala cha kuchoma sindano ndogo mkononi; mtu akikuambia atapima aleji ya pafyumu kwa damu, hifadhi pesa yako. Ulizia kliniki ya ngozi ya Mulago, au Mbarara kama una ndugu upande huo, lakini uliza kwanza kama vifaa vya viraka vipo, kwa kuwa si kila kliniki inavyo. Hata pasipokuwa na kipimo, zile wiki sita zinafundisha mengi.

Kuhusu mume wako. Nilikuwa na mgonjwa mwenye upele upande wa kulia tu wa uso na shingo. Upande wa kushoto ulikuwa safi kabisa. Nilimuuliza analala upande gani wa kitanda. Akanyamaza, kisha akacheka, kisha akalia kidogo. Alikuwa akilala ubavu wa kulia akimwelekea mumewe, shavu kifuani pake, na mumewe alikuwa mtu wa kujipulizia jioni baada ya kuoga. Yeye hakuwa ametumia chochote kwa nusu mwaka. Mume alipoacha, shavu lilipona bila dawa yoyote mpya.

Kwa hiyo usimwonee mumeo haya. Usimwambie ananuka vibaya, kwa kuwa si kweli na atajisikia. Mwambie hivi: "Baba fulani, harufu yako naipenda, ila dawa iliyomo inaniunguza ngozi. Nisaidie wiki sita tuone." Mwonyeshe shingo wakati wa mchana, kwenye mwanga. Na aoge kwa sabuni yako, na foronya yake ifuliwe pamoja na yako. Akiona ngozi inalainika, wiki sita zitaendelea zenyewe. Ukweli ni kwamba kinga ikishakariri kitu, kwa kawaida haisahau maisha yote. Haimaanishi utaishi na upele. Inamaanisha utaishi ukisoma lebo.

Kanisani kaa karibu na mlango au dirisha, upande ambao upepo unaingia. Kwenye taksi kaa dirishani, na kama dereva ametundika ile kadi ya harufu kwenye kioo, subiri gari linalofuata ukiweza. Harusini na kwenye kwanjula, kukumbatiana ndiko kunakohamishia pafyumu ya wenzako shingoni mwako. Salimia kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Hakuna atakayeona umemnyima heshima, na ukirudi nyumbani osha mikono kabla ya kugusa macho.

Kifua nimekiacha mwisho ili usikichanganye na ngozi. Kubanwa na kukohoa karibu na harufu kali hutokea kwa njia nyingine: mirija ya hewa inakerwa, inajikaza, hasa kwa mtu ambaye tayari ana pumu, hata kama hajawahi kuambiwa. Viraka vya mgongoni havitalionyesha hilo. Unatakiwa kupimwa pumzi kwa kupuliza kwenye kifaa, na hospitali nyingi kubwa wanafanya. Kama ni pumu, ina dawa za kuvuta, na ikidhibitiwa hutalazimika kutoka nje katikati ya sala. Usingoje wiki sita kwa hili. Na kama siku moja uso au ulimi utavimba ghafla, au ukashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, panda boda ya kwanza unayoiona hadi hospitali iliyo karibu, usiku au mchana.

Siku ya kwenda kliniki ya ngozi usijipake chochote asubuhi, na usiwe umepaka steroidi mgongoni kwa wiki moja kabla. Beba ile tyubu. Beba kikapu kizima cha bafuni, pamoja na jeli ya watoto na mafuta ya nywele. Na uombe shati moja la mume wako, lile la jana, kabla halijafuliwa.